Picha na Setara: Uhakiki wa Sanaa ya Studio za Mombasa

Sanaa ya picha katika mji wa Mombasa imepata wahakiki wengi katika miaka michache iliyopita kuliko ilivyopata katika muda mrefu uliotangulia. Heike Behrend, mtaalamu wa Kijerumani wa mila na desturi, alichapisha mwaka 2000 uchunguzi wake juu ya wapiga picha wa kivuko cha Likoni, na mwaka 2013 akatoa kitabu kizima juu ya desturi za upigaji picha katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Prita Meier naye alitoa kitabu chake juu ya historia ya picha za pwani ya Waswahili mwaka 2024. Kabla ya hapo, mwaka 2017, maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili, aliyoyaandaa Meier pamoja na Allyson Purpura, yalifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, kisha yakapelekwa Washington na Los Angeles. Na picha za studio zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa humo. Kwa njia hii picha zilizokaa miaka mingi katika makasha na kabati za nyumba za watu zimekuwa mali ya vitabu na kumbi za makumbusho.

Kazi hizo zina thamani kubwa, na hapana mtu awezaye kusema juu ya sanaa hii leo bila ya kuwa na deni kwazo. Walakini kuna jambo moja ambalo lugha ya wenyeji hulieleza waziwazi, na ambalo halijafuatwa hadi mwisho wake. Nalo ni hili, ya kuwa picha ya studio ya Mombasa ilifanywa kwa ajili ya macho yanayojulikana. Aliyepigwa picha alijua nani ataiona, na ujuzi huo ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe, kama vile mizani ilivyo sehemu ya shairi. Ikiwa neno hili ni kweli, basi mhakiki anayeitazama picha hiyo bila ya kuuliza ilikusudiwa macho ya nani huwa ameitazama nusu yake tu. Makala haya yanakusudia kulipima neno hilo kwa ushahidi wa lugha, wa historia ya mji, na wa picha zenyewe.

Yafaa kuanza na maneno. Kabla ya neno "picha" kuingia kutoka Kiingereza, Kiswahili kilikuwa na "sanamu" na "taswira", yote mawili yenye asili ya Kiarabu. "Sanamu" ilikuwa na maana pana, ikichukua kinyago, mchongo na mchoro pamoja. Na kwa kuwa katika asili yake ilihusiana na miungu ya kuchongwa, haikuacha kuwa na harufu ya jambo lenye shaka katika masikio ya Waislamu. "Taswira" ilibaki zaidi katika maandishi na ushairi. Neno geni lilikuja bila ya mzigo huo, likapokewa upesi. Kwa hiyo kupokewa kwa neno "picha" hakukuwa kwa sababu ya uhaba wa maneno tu. Kulimpa mtu wa pwani nafasi ya kusema juu ya kitu kipya pasipo kukiingiza katika hukumu ya kitu cha zamani.

Kitenzi kilichofuatana nalo ni "piga". Mgeni wa lugha huenda akadhani ya kuwa ndani yake mna ukali, kana kwamba kamera humdhuru anayeelekezewa. Dhana hiyo haina msingi. Waswahili hupiga hodi, hupiga pasi, hupiga magoti, hupiga mbizi na hupiga simu, na katika hayo yote hapana anayeumia. Kitenzi hiki huonyesha tendo linalotimizwa kwa mara moja na kwa ukamilifu. Lililo muhimu zaidi ni nani anayekuwa mtendaji. Katika mazungumzo ya kawaida, mtu aliyekwenda studio kwa hiari yake, akavaa, akakaa mbele ya kamera na kulipa fedha zake, husema, "Nimepiga picha." Hasemi aghalabu, "Nimepigwa picha." Vijana huambiana, "Twendeni tukapige picha," na hapana hata mmoja wao mwenye kamera. Hali ya kutendwa huja pale ambapo jambo limefanywa na mtu mwingine, na mara nyingi bila ya radhi: "Alipigwa picha akiwa sokoni." Basi sarufi ya kila siku imekwisha kuamua jambo ambalo wahakiki bado wanalijadili. Katika studio, mtenda kazi ni yule aliyekaa mbele ya kamera. Fundi ni msaidizi wake.

Ushahidi wa pili umo katika kiunganishi cha umilikaji. Maneno "picha ya Parekh" katika kitabu cha sanaa humaanisha picha aliyoipiga Parekh. Maneno "picha ya nyanya" katika nyumba ya Mombasa humaanisha picha inayomwonyesha nyanya, tena iliyo yake, na aliyeipiga aghalabu hatajwi kabisa. Picha ile ile inapotoka nyumbani na kuingia katika jumba la makumbusho, kiunganishi hakibadiliki hata herufi moja, bali mwenye mali amebadilika. Badiliko hilo ni kubwa, nalo hupita bila ya kuonekana kwa sababu lugha huliruhusu lipite kimya.

Historia ya mji inaonyesha ya kuwa shaka hii si ya jana. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wapiga picha wenye studio katika miji ya pwani walikuwa zaidi Wagoa, kama akina Gomes, Coutinho na Pereira de Lord wa Unguja, pamoja na Wazungu wachache, kama W. D. Young, aliyepiga picha za ujenzi wa Reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901. Sehemu moja ya biashara ya nyakati hizo ilikuwa kadi za posta zilizouzwa kwa wasafiri. Katika kadi hizo mtu alipotezewa jina lake. Chini ya uso wa mwanamke paliandikwa kabila au aina yake: Mswahili, Mwarabu, Mnyamwezi. Mwanamke yule alikuwa na mama, na mtaa, na jina aliloitwa kwalo; lakini mnunuzi wa kadi hakuwa na haja nalo. Huyo ndiye hasa aliyepigwa picha, kwa maana kamili ya hali ya kutendwa.

Studio za mjini zilizostawi baadaye zilikuwa za namna nyingine. Mashuhuri miongoni mwao ni ile ya N. V. Parekh, mpiga picha wa asili ya Kihindi, iliyofanya kazi Mombasa tangu miaka ya 1940. Waliomwendea walikuwa watu wa kila jamii ya mji ule: Waswahili, Waarabu, Wahindi, na watu wa bara waliokuja kwa kazi za bandari na reli. Hawakuja ili waonyeshwe kuwa ni mfano wa kabila fulani. Walikuja maarusi baada ya harusi, marafiki wawili waliovaa sare, mama na binti yake, na kijana aliyepata mshahara wake wa kwanza. Picha hazikuuzwa kwa wapita njia. Zilikabidhiwa wenyewe, nao wakazigawa. Nakala moja ilikwenda kwa shangazi Lamu, nyingine kwa ndugu Unguja, na nyingine ikatiwa katika albamu na kufungiwa kabatini.

Ili kuifahamu nafasi ya studio hiyo katika maisha ya mji, hasa kwa wanawake, yafaa kukumbuka utenzi wa Mwana Kupona binti Msham, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Katika wosia ule mama anamfundisha mwanawe kujipamba nyumbani, kwa manukato, pete na hina. Na katika wosia ule ule anamwonya asijifunue njiani, ashushe macho, na uso wake autie haya. Msomaji asiyekuwa mzoefu huona hapo mambo mawili yanayopingana. Kwa mtu wa pwani hayapingani hata kidogo. Pambo na setara ni mafundisho mamoja, na kinachoyatenganisha ni mahali na macho. Nyumbani pana macho yanayostahili. Njiani pana macho yasiyojulikana.

Studio ilikuwa chumba cha tatu baina ya nyumba na njia. Mwanamke aliifikia akiwa amevaa buibui, akalivua ndani ya mlango uliofungwa, akajitazama katika kioo, akatengeneza nywele na vidani vyake, akapiga picha, kisha akalivaa buibui na kurudi. Fundi alimwona, na kwa hiyo hapana budi awe mtu wa kuaminika. Sifa ya fundi mjini haikutegemea ustadi wa mwanga peke yake, bali na ulimi wake uliofungwa na kabati lake lililofungwa. Picha iliyotoka humo ilibeba pambo la nyumbani, lakini ilikuwa karatasi iwezayo kupita njiani. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na hapo ndipo hatari yake ilipo pia.

Wahakiki wa siku hizi wamegawanyika katika njia mbili. Wengine husisitiza kuonekana: ya kuwa mtu wa mjini alikwenda studio kujiumba upya, akavaa suti au sari au kanzu kama alivyopenda, akaiga mikao ya waigizaji wa filamu za Kihindi, na akajidhihirisha kuwa ni mtu wa zama mpya. Wengine, na Behrend ndiye wa mbele katika hao, hukumbusha upande wa pili: ya kuwa katika jamii za Kiislamu za pwani kulikuwa na mvutano wa kudumu juu ya kuonekana, na ya kuwa kujificha ni tendo lenye maana sawasawa na kujionyesha. Njia zote mbili zina haki. Kosa ni kuziweka kama pande mbili za vita. Aliyekwenda studio hakuchagua kati ya kuonekana na kutoonekana. Alichagua kuonekana na nani. Sanaa yake ilikuwa sanaa ya kipimo.

Kipimo hicho ndicho kiwezacho kutumiwa kuzipima picha zenyewe. Katika ushairi wa Kiswahili mtunzi hasifiwi kwa kuvunja vina na mizani; husifiwi kwa kusema jambo lake mwenyewe ndani ya umbo alilolikuta. Picha za studio ni vivyo hivyo. Mikao yake ni michache na inajulikana: mtu aliyesimama huku mkono mmoja juu ya kiti, wawili walioelekezana vichwa, uso ulioinuliwa kidogo kuelekea mwanga, macho yanayoangalia mbali na kamera. Anayelalamika ya kuwa mikao hii imerudiwa mno anafanana na anayelalamika ya kuwa mashairi mengi yana mizani kumi na sita. Swali la haki ni jingine: je, ndani ya mkao huo yumo mtu?

Katika picha bora za namna hii mtu yumo. Marafiki wawili wenye nguo za sare, waliokaribiana hata mashavu yakakaribia kugusana, huonyesha kwa sare hiyo jambo ambalo msemo wa leso ungelisema kwa maneno: ya kuwa wao ni kitu kimoja, na anayetaka kuwagombanisha ataabike. Nguo ndiyo kina, nyuso ndizo maana. Lakini ziko picha nyingine ambazo mwanga wa filamu umemfunika mwenyewe. Kidevu kimeinuliwa kwa sababu fundi amesema kiinuliwe. Ngozi imelainishwa hata umri umefutika. Na mtu amekuwa mfano wa mwigizaji asiyemjua. Picha hizo zinafanana na shairi lenye vina vya kulazimisha, ambalo masikio hulisikia vyema na moyo haupati kitu. Mhakiki anayesifu kila picha ya zamani kwa kuwa ni ya zamani huwanyima mafundi wale heshima ya kuhukumiwa kama wasanii.

Jaribio la hoja hii ni kuitoa studio ya mjini na kuipeleka mahali ambapo hali ni tofauti kabisa. Kivuko cha Likoni huunganisha kisiwa cha Mombasa na pwani ya kusini, na maelfu ya watu hupita hapo kila siku. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wengi, aghalabu watu waliotoka bara, walijenga vibanda vya mbao karibu na kivuko, wakavipamba kwa maua ya plastiki na karatasi za kumetameta, na nyuma wakaweka mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Wateja wao walikuwa zaidi wafanyakazi waliohamia mjini. Hapo hapakuwa na mlango wa kufungwa, wala kioo kikubwa, wala sharti la buibui. Behrend alizieleza picha hizo kuwa ni njia ya mteja kujihisi amekuwa sehemu ya ulimwengu mpana, na mapazia yale yanamthibitishia.

Hata hivyo, picha ya Likoni nayo ilikuwa na macho yake maalumu. Ilitiwa katika bahasha ikapelekwa kijijini kwa wazazi, mke au ndugu. Kwa sababu hiyo ilifuata adabu ya barua kuliko adabu ya ndoto. Barua ya Kiswahili huanza na salamu, kisha hueleza hali, kisha huja kwenye haja. Mtu aliyesimama wima, nguo zake zimepigwa pasi, viatu vyake vimeng'arishwa, na nyuma yake meli kubwa, amesalimu na kueleza hali: "Mimi ni mzima, nipo mjini penye bandari, sikupotea." Aliyeipokea hakudanganyika akadhani mwanawe amenunua meli. Alijua pazia ni pazia, kama ajuavyo ya kuwa salamu mia na elfu zilizo mwanzoni mwa barua hazikuhesabiwa. Kumwona mteja yule kuwa ni mtu aliyekimbilia ndoto ni kuisoma barua ya mtu mwingine na kuilaumu kwa kuwa haikuandikwa kwa msomaji mgeni.

Mambo ya Likoni yana huzuni yake pia. Mwezi wa Agosti 1997, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na machafuko yaliyofuata yaliwaelekea hasa wakazi waliotoka bara. Watu waliuawa, na maelfu wakayahama makazi yao. Picha zilizokuwa zimekwenda mbali kusema "nipo, ni mzima" zikapata uzito mwingine katika nyumba za waliozipokea. Hapana uhakiki wa mapazia na maua ya plastiki utakaokamilika bila ya kuukumbuka uzito huo.

Sasa yamebaki mambo ya vitabu na kumbi. Wataalamu wa lugha hawana haki ya kuwanyoshea kidole wenzao wa sanaa kana kwamba jambo hili ni geni kwao. Utenzi wa Mwana Kupona ulikuwa wosia wa mama kwa binti yake, ukienea kwa nakala za mkono, mpaka Alice Werner alipouchapisha mwaka 1917, kisha pamoja na William Hichens mwaka 1934. Tangu hapo umesomwa na wanaume, wageni, na wanafunzi wa vyuo vya mbali. Faida yake haina kipimo. Lakini iko tofauti moja isiyopaswa kusahauliwa: mtunzi mwenyewe, karibu na mwisho wa utenzi wake, anawaita wanawake wote waisome kazi yake na waifahamu. Aliufungua mlango kwa mkono wake, japokuwa si kwa upana ule uliokuja kufunguliwa. Picha ya studio haina ubeti wa namna hiyo. Aliyevua buibui mbele ya fundi aliyemwamini hakuacha maneno yoyote yanayoeleza ya kuwa radhi yake iliishia wapi.

Kutokana na hayo, kuichapisha picha ya namna hiyo si kuieneza tu, ni kuibadilisha. Macho mapya yameongezwa, nayo macho yalikuwa sehemu ya kazi. Kisha, jina likikosekana, duara linarudi mwanzo wake: mwanamke aliyetoka katika kadi ya posta isiyo na jina, akaingia studio kuwa mtenda kazi, anarudishwa tena kuwa "mwanamke wa Mombasa" katika ukurasa wa kitabu. Nia ni njema zaidi, karatasi ni bora zaidi, lakini maandishi yaliyo chini ya picha ni yale yale.

Wenyeji hawakuuacha mlango huu wazi. Hata leo, ambapo kila mkono una simu yenye kamera, katika sherehe za kupamba bibi arusi wageni mara nyingi huombwa wasipige picha, na kazi hiyo hupewa wapiga picha wanawake. Wageni wa sherehe hizo hawaichukii kamera. Wengi wao wana picha zao wenyewe, nyingi na nzuri. Wanachokitunza ni kile kile kipimo cha nani aone nini, kilichofundishwa katika wosia wa mwaka 1858 na kufuatwa katika chumba cha studio.

Basi wajibu wa wahariri na waandaaji wa maonyesho ni kama ule wa mhariri wa miswada. Mhariri mwema hutaja nakala ilikopatikana, iliyekuwa mikononi mwake, na aliyeinakili. Picha nayo itajwe hivyo: jina la aliyepiga picha kwa maana ya wenyeji, yaani aliyekaa mbele ya kamera, jina la fundi, mahali, na nyumba ilikotoka, kwa kadiri jamaa watakavyoridhia. Pale ambapo fundi au warithi wake wametoa filamu lakini jamaa wa wahusika hawakuulizwa, waulizwe. Maonyesho yaanzie Mombasa penyewe, ambapo jengo la Mahakama ya Zamani limekwisha kutumika kama ukumbi wa sanaa, ili watu wazitambue nyuso na kuzirudishia majina. Na jamaa wakikataa, picha ielezwe kwa maneno. Lugha ya Kiswahili imewahi kueleza uzuri mwingi ambao msomaji hakuuona kwa macho.

Makala haya hayakuambatishwa na picha yoyote, kwa sababu hiyo hiyo. Hapana hasara kubwa katika jambo hilo, maana studio za Mombasa zitabaki kuwa kazi nzuri hata pale zisipoonekana. Hasara iko katika kuziona zote, kuzisifu zote, na kutojua hata mmoja wa waliozipiga.